Marekani haina tume ya uchaguzi: nani anahesabu kura, na adui anaweza kupenya wapi?

Msomaji wa Nakuru ameuliza: "Hapa kwetu matokeo ya urais yanatangazwa na mwenyekiti wa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, na fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, naziona mwenyewe kwenye tovuti. Marekani nasikia hakuna tume kama yetu. Sasa nani anahesabu, nani anatangaza, na ni kweli kwamba Urusi au Iran inaweza kuingia kwenye mashine ikageuza kura? Nauliza kwa sababu Novemba 2026 wanachagua Bunge, na maneno tayari ni mengi."

Ndugu yangu, nianze na jibu fupi. Kugeuza kura zenyewe kutoka nje ya nchi ni kazi ngumu sana, na hata ikifanyika kuna njia ya kuigundua, kwa sababu karibu kura zote za Marekani siku hizi zina karatasi. Pa kuhofia zaidi ni kwa mtu wa ndani mwenye funguo, kwa ofisa anayekataa kuidhinisha matokeo, na katika zile saa na siku ambazo hesabu haijakamilika na uongo unatembea haraka kuliko habari. Ngao zilizojengwa dhidi ya mambo hayo baada ya 2016 zilianza kushushwa mwaka 2025, na hilo linanipa wasiwasi mkubwa kuliko mdukuzi yeyote wa Moscow.

Sasa tuingie ndani. Katiba ya Marekani, ibara ya 1, kifungu cha 4, inayapa mabunge ya majimbo kazi ya kupanga muda, mahali na namna ya kuwachagua wabunge, na inaliruhusu Bunge la taifa, yaani Kongresi, kubadilisha kanuni hizo. Rais hakutajwa hapo. Majimbo nayo yameishusha kazi hadi kwenye kaunti, na kwingine hadi kwenye miji midogo na vijiji: Wisconsin peke yake ina ofisi zaidi ya 1,800 zinazoendesha uchaguzi. Nchi nzima ofisi za namna hiyo zinakaribia 10,000, nyingine zina mamia ya wafanyakazi, nyingine zina karani mmoja na msaidizi wake. Ile Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho unayoisikia Washington inashughulika na fedha za kampeni tu. Ipo nyingine, EAC, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2002 baada ya mgogoro wa kura wa Florida mwaka 2000. Hii inaweka viwango vya mashine na kugawa fedha, lakini haihesabu kura hata moja.

Wanaotangaza usiku ule ni vyombo vya habari, hasa shirika la AP, ambalo limekuwa likijumlisha kura za urais tangu 1848. Tangazo lao halina nguvu yoyote ya kisheria. Matokeo ya kisheria yanasainiwa na bodi ya kaunti, kisha na jimbo, siku au wiki kadhaa baadaye. Ofisa mkuu wa uchaguzi katika majimbo mengi ni Katibu wa Jimbo, ambaye mara nyingi amechaguliwa kwa tiketi ya chama. Kwetu jambo hilo lingezua kesi mahakamani. Kwao wamelizoea, na kinga yao ni kwamba kila hatua inafanyika mbele ya watu wa vyama vyote viwili.

Hatua zenyewe ni hizi. Siku kadhaa kabla ya uchaguzi, kaunti inapima mashine hadharani. Wanachukua bunda la karatasi zilizowekwa alama kwa mpango unaojulikana, tuseme mgombea wa kwanza kura 3, wa pili 5, wa tatu 1, pamoja na karatasi tupu na zile zilizowekwa alama mbili kimakosa. Bunda linapitishwa kwenye skana na jumla inalinganishwa na mpango. Angalia kwamba idadi hazilingani, na ni kwa makusudi: ukimpa kila mgombea kura sawa, mashine iliyochanganya majina ya wagombea itafaulu mtihani bila mtu kujua. Makarani wavivu hukosea hapo hapo.

Mashine ikifaulu, inafungwa kwa lakiri zenye namba, na namba hizo zinaandikwa. Asubuhi ya uchaguzi wasimamizi wa kituo wanalinganisha namba, wanawasha mashine, nayo inachapisha ukanda wa karatasi unaoonyesha kila mgombea ana sifuri. Mpiga kura anajaza kiduara kwa kalamu, analisha karatasi yake kwenye skana, nayo inaangukia kwenye sanduku lililofungwa chini yake. Jioni mashine inachapisha ukanda wa matokeo, wasimamizi wanausaini, na katika majimbo mengi nakala inabandikwa ukutani. Ukanda huo ndio fomu 34A yao. Idadi ya waliosaini daftari inalinganishwa na idadi ya karatasi zilizosomwa. Ikizidi hata kwa mbili, maelezo yaandikwe palepale. Memori kadi inatolewa, inatiwa kwenye mfuko wenye lakiri, na watu wawili wanaipeleka makao ya kaunti.

Namba za kwenye televisheni zinatoka hapo, na bado si rasmi. Siku zinazofuata bodi ya kaunti inahakiki kila kitu: kura za masharti, yaani za watu ambao sifa zao zilitiliwa shaka kituoni, kura za posta zenye kasoro ya saini, ambazo majimbo mengi yanampa mwenyewe nafasi ya kuzirekebisha, na kura za wanajeshi na raia walio ng'ambo, ambazo sheria ya taifa inataka zitumwe angalau siku 45 kabla. Hapo ndipo makosa mengi yanapokamatwa.

Chukua kaunti ya Antrim, Michigan, mwaka 2020. Ni kaunti ya Warepublican kwa miaka mingi, lakini usiku wa uchaguzi takwimu zake zilionyesha Biden akiongoza kwa maelfu. Mtandaoni watu wakapiga kelele kwamba mashine zimedukuliwa. Kilichotokea ni hiki: mwezi Oktoba karatasi za kura za baadhi ya maeneo zilirekebishwa, na viduara vikahama nafasi. Baadhi ya mashine ziliwekewa mpangilio mpya, nyingine zikabaki na wa zamani. Zilipokutana kwenye kompyuta ya kaunti, kura za mtu mmoja zikasomwa kwenye mstari wa jirani yake. Kanda zilizochapishwa vituoni zilikuwa sahihi muda wote; kilichoharibika ni jumla. Karani, ambaye naye alikuwa Mrepublican, alirekebisha kesho yake, na mwezi Desemba kura zote za urais zikahesabiwa kwa mkono. Tofauti na matokeo yaliyoidhinishwa: kura 12. Trump alishinda kaunti ile kwa kishindo. Karatasi zisingekuwepo, mgogoro ule ungekuwa hai hadi leo.

Tuje kwenye udukuzi. Mwaka 2016 maofisa wa GRU, idara ya ujasusi ya jeshi la Urusi, walifanya mambo matatu tofauti, na watu huyachanganya. Kwanza, waliiba barua pepe za Chama cha Democratic na za mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton kwa kutumia barua pepe za mtego, wakazimwaga hadharani. Pili, walipapasa mifumo ya uchaguzi ya majimbo, na kule Illinois walifanikiwa kupenya kanzidata ya wapiga kura na kuchota taarifa za maelfu kwa maelfu ya watu. Tatu, walilenga kampuni inayotengeneza programu za madaftari ya vituoni. Wizara ya Sheria iliwashtaki maofisa 12 mwezi Julai 2018, na Kamati ya Ujasusi ya Seneti, iliyokuwa chini ya Warepublican, ilichunguza kwa miaka bila kupata ushahidi wa kura hata moja kubadilishwa. Propaganda za mitandao ya kijamii zilifanywa na kundi jingine, kampuni ya St. Petersburg, ambayo ilikuwa na mashtaka yake.

Huko Illinois ndiko kwenye somo. Mdukuzi anafika pale intaneti inapofika: kwenye daftari la wapiga kura, kwenye tovuti ya matokeo ya usiku, kwenye barua pepe za maofisa. Akifuta majina 5,000 kwenye daftari la mtaa mmoja, hajageuza kura, lakini asubuhi foleni itasimama, watu watapewa kura za masharti, na wengine watarudi nyumbani. Dawa yake si ya gharama: nakala ya daftari inayohifadhiwa nje ya mtandao kila usiku, daftari la karatasi kituoni, na kura za masharti za kutosha. Akibadilisha tovuti ya matokeo, taifa zima litaona mshindi wa uongo kwa dakika 20, na kesho yake nusu ya watu hawataamini masahihisho. Lakini kanda za vituoni hazitaguswa.

Skana zenyewe kwa kawaida haziunganishwi na intaneti. Zinaguswa na memori kadi, na kadi zinaandaliwa kwenye kompyuta ya kaunti au ya kampuni ya mashine. Mtu akiishika kompyuta hiyo anaweza kufika kwenye mashine zote bila kugusa hata moja. Kwa hiyo wanaosema "mashine zimetawanyika, haziwezi kuibiwa" wanasema nusu ya ukweli. Georgia ina mfumo mmoja kwa kaunti zake zote 159: mpiga kura anagusa kioo, mashine inachapisha karatasi yenye majina pamoja na msimbo wa QR, na skana ilijengwa kusoma msimbo, ambao hakuna jicho la binadamu linaloweza kuusoma. Wataalamu walionyesha udhaifu wa mashine hizo, na mwezi Juni 2022 CISA, wakala wa taifa wa usalama wa mitandao, ilithibitisha kwamba udhaifu upo na kwamba hapakuwa na dalili ya mtu kuutumia. Bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuachana na kuhesabu kwa QR. Uamuzi sahihi, ingawa ulichelewa.

Tena mshambuliaji hahitaji nchi nzima. Mwaka 2020 Biden alishinda kwa zaidi ya kura milioni 7, lakini Arizona ilikuwa kwa kura 10,457, Georgia 11,779 na Wisconsin 20,682. Jumla haifiki 43,000. Rais huchaguliwa na wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo, na anayeshinda ni mwenye angalau 270. Majimbo 48 humpa mshindi wajumbe wote; Maine na Nebraska huwagawa. Yageuze majimbo yale matatu na unapata 269 kwa 269. Hapo Baraza la Wawakilishi ndilo linalomchagua rais, kila jimbo kura moja, Wyoming sawa na California.

Ndiyo maana karatasi peke yake haitoshi. Lazima mtu aifungue na kuitazama. Colorado ilianza mwaka 2017 ukaguzi wa kitakwimu wa jimbo zima, na wengine wameiga. Maofisa wanarusha dadu 20 zenye pande 10 mbele ya watu, kupata namba ya tarakimu 20 ambayo hakuna aliyeweza kuijua mapema. Namba hiyo inaingizwa kwenye programu iliyo wazi kwa kila mtu, nayo inataja karatasi za kukaguliwa: kaunti fulani, sanduku la 12, bunda la 4, karatasi ya 37. Watu wa vyama tofauti wanaitoa, wanaisoma kwa macho na kuandika walichokiona bila kuonyeshwa mashine ilisoma nini. Kisha vinalinganishwa.

Uzuri wake uko kwenye hesabu. Ukitaka kwamba matokeo mabovu yasiwe na zaidi ya nafasi 5 kati ya 100 ya kuponyoka ukaguzi, na ukiwa hujakuta tofauti yoyote, basi mwanya wa pointi 5 za asilimia kati ya wagombea unahitaji karatasi kama 125 tu. Mwanya wa pointi 1 unahitaji kama 620. Nusu pointi, kama 1,240. Ukubwa wa jimbo hauongezi sana. Tofauti zikianza kuonekana, sampuli inapanuliwa, na ikibidi kura zote zinahesabiwa kwa mkono. Ukaguzi huu unaharibika wapi? Pale sanduku lilipolala chumba kisicho na kumbukumbu ya nani aliingia, kwa sababu ukaguzi wa karatasi zisizoaminika hauthibitishi chochote. Na pale mashine inapomchapia mtu kura naye anaingiza karatasi bila kuisoma.

Georgia mwaka 2020 ilihesabu kura za urais mara tatu: kwa mashine, kwa mkono karatasi zote karibu milioni 5, kisha kwa mashine tena. Hesabu ya mkono ilifichua kosa la kweli: kaunti ya Floyd ilikuwa na kura zaidi ya 2,500 ambazo hazikuwa zimepitishwa kwenye skana. Nyingi zilikuwa za Trump na alipewa. Mshindi hakubadilika. Januari 2, 2021 Trump alimpigia simu Katibu wa Jimbo Brad Raffensperger, Mrepublican mwenzake, akimtaka amtafutie kura 11,780. Raffensperger alikataa. Nataja hili kwa sababu linaonyesha shinikizo lilikotokea: kwa simu, kutoka Ikulu yao wenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, na wadukuzi wazuri kuliko wote ni wale waliopewa funguo kihalali. Mwaka 2021 karani wa kaunti ya Mesa, Colorado, Tina Peters, alimwingiza mtu asiyeruhusiwa kwenye chumba cha mashine kwa kutumia kitambulisho cha mwingine, na nakala ya programu ikaishia mtandaoni. Alitiwa hatiani na Oktoba 2024 akahukumiwa miaka 9. Kaunti ya Coffee, Georgia, Januari 7, 2021, siku moja baada ya Kongresi kuvamiwa na wafuasi wa Trump, watu waliokuwa wakitafuta ushahidi wa wizi walikaribishwa ofisini na kunakili programu ya uchaguzi inayotumika jimbo zima. Walidai wanalinda uchaguzi. Walichofanya ni kumrahisishia kazi adui yeyote atakayeipata nakala ile. Kinga dhidi ya mtu wa ndani inajulikana: hakuna anayeingia chumba cha mashine peke yake, kamera inarekodi mfululizo, kadi ya mlango inaandika jina na saa, na nenosiri la juu linagawanywa kwa watu wawili.

Nimesema uongo unatembea saa ambazo hesabu haijakamilika. Baadhi ya saa hizo zimetengenezwa na sheria. Pennsylvania hairuhusu bahasha za kura za posta kufunguliwa kabla ya saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi. Wisconsin nayo inasubiri siku yenyewe. Florida inaanza mapema, na ndiyo maana matokeo yake hutoka usiku uleule. Kwa kuwa Wademocrat hutumia posta zaidi, mwaka 2020 Trump alionekana akiongoza Pennsylvania usiku, kisha akapitwa kadiri bahasha zilivyofunguliwa. Aliyejua utaratibu hakushangaa. Asiyejua aliambiwa kwamba kura "zimeletwa usiku", akaamini. Kurekebisha hili kunahitaji kifungu kimoja cha sheria ya jimbo, na bunge la Pennsylvania limeshindwa kukubaliana kwa miaka. Kwa maoni yangu hilo ni tundu kubwa zaidi la usalama wa taifa kuliko mashine zote za Georgia.

Maadui wa nje wanalijua tundu hilo. Oktoba 2020 wapiga kura wa Democratic, hasa Florida, walipokea barua pepe za vitisho zilizojifanya zimetoka kwa kundi la mrengo wa kulia. Mwaka uliofuata Wairani wawili walishtakiwa. Oktoba 2024 ilisambaa video ya mtu akichana kura za Trump zilizodaiwa kuwa za kaunti ya Bucks, Pennsylvania. Bodi ya kaunti ilikanusha siku ileile, kwa sababu bahasha na karatasi za kwenye video hazikuwa zao, na FBI pamoja na idara nyingine wakasema kesho yake kwamba Warusi ndio walioitengeneza. Siku ya uchaguzi, Novemba 5, vituo vya majimbo kadhaa vilipata vitisho vya mabomu, vingi kwa anwani za barua pepe za Urusi. Yote yalikuwa hewa. Baadhi ya vituo vya Georgia vilifungwa kwa muda, na jaji akaongeza muda wa kupiga kura. Kitisho kile hakikuhitaji mashine wala fedha.

Baada ya kuhesabu inakuja saini, na hapo ndipo jaribu la 2020 lilipofika mbali. Kuidhinisha matokeo ni wajibu, si hiari. Bodi haina mamlaka ya kukataa kwa sababu haipendi mshindi. Hata hivyo Juni 2022 makamishna wa kaunti ya Otero, New Mexico, walikataa matokeo ya kura za mchujo bila ushahidi wowote. Mahakama ya Juu ya jimbo iliwaamuru, wakapiga kura 2 kwa 1 kuidhinisha. Kwenye ngazi ya taifa, sheria ya 1887 ilikuwa na maneno yenye utata kiasi kwamba watu walimshinikiza Makamu wa Rais Mike Pence akatae kura za majimbo Januari 6, 2021. Alikataa kufanya hivyo, Kongresi ikavamiwa, na hesabu ikakamilika usiku wa manane kupita saa 9. Sheria mpya ya Desemba 2022 inasema waziwazi kwamba kazi ya makamu wa rais ni ya kuendesha kikao tu, inapandisha idadi ya wabunge wanaohitajika kupinga kura za jimbo kutoka mmoja kwa kila nyumba ya Kongresi, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, hadi moja ya tano ya kila nyumba, na inampa gavana tarehe ya mwisho ya kuthibitisha wajumbe. Januari 6, 2025 Kamala Harris aliongoza kikao kilichothibitisha kushindwa kwake mwenyewe. Kilichukua kama nusu saa.

Unaweza kuuliza usalama wa taifa unaingiaje kwenye makaratasi haya. Unaingia kwenye makabidhiano. Mwaka 2000 mgogoro wa Florida, uliomalizika kwa tofauti ya kura 537, ulikula takriban nusu ya muda wa George W. Bush kupanga serikali. Wakati huo faili la al-Qaeda lilikuwa limeiva: balozi za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa Agosti 7, 1998, na meli ya kivita ya Cole ilishambuliwa Aden Oktoba 12, 2000, wiki chache kabla ya kura. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilieleza kwamba ufupi wa makabidhiano ulichelewesha uteuzi wa maofisa muhimu wa usalama. Mwaka 2020 hali ilijirudia: ofisi inayofungua mlango wa makabidhiano haikumtambua Biden hadi Novemba 23. Tangu 2022 sheria inasema kama hakuna aliyekubali kushindwa siku 5 baada ya uchaguzi, wote wawili wanapewa ofisi na taarifa.

Nirudi kwenye ngao. Januari 2017 serikali iliiweka mifumo ya uchaguzi kwenye orodha ya miundombinu nyeti, pamoja na umeme na mabenki. Mwaka 2018 ikaundwa CISA, na kikaanzishwa kituo cha kubadilishana taarifa ambapo karani wa kaunti ndogo angepata bure onyo kwamba anwani fulani inapapasa mifumo ya jirani zake. Mwaka 2025 fedha za kituo hicho zilikatwa, CISA ikapoteza karibu theluthi moja ya wafanyakazi, na kitengo cha FBI cha kufuatilia propaganda za mataifa ya nje kikavunjwa. Wanaounga mkono hatua hizo wanasema serikali ilianza kuamua raia aseme nini mitandaoni. Hoja hiyo ilistahili mjadala. Haielezi kwa nini karani mwenye msaidizi mmoja apambane na GRU peke yake. Machi 25 mwaka huohuo Rais Trump alitoa amri ya kudai hati ya uraia kwenye fomu ya taifa ya kujiandikisha. Mahakama ilizuia sehemu hiyo, kwa sababu ya kile kifungu cha Katiba nilichokitaja mwanzo.

Ukitaka kufuatilia Novemba 3, 2026 ukiwa Nakuru, ujue tofauti ya saa ni 8 na pwani ya mashariki. Vituo vya Georgia vinafungwa saa 9 usiku kwako, Pennsylvania saa 10 alfajiri, Arizona saa 11, California saa 1 asubuhi. Usiangalie asilimia ya vituo vilivyoripoti. Angalia makadirio ya kura zilizobaki, ziko kaunti gani, na ni za posta au za kituoni. Mgombea anayeongoza kwa kura 30,000 huku Philadelphia ikiwa na 100,000 za posta hajaongoza. California hukubali bahasha zilizogongwa muhuri wa posta siku ya uchaguzi na kufika hadi siku 7 baadaye, kwa hiyo viti vyake vya ushindani huchukua wiki. Usikubali kuambiwa ucheleweshaji ni ushahidi. Video ya "wizi" ikikufikia, fungua tovuti ya kaunti yenyewe kabla ya kuituma kwa yeyote.

Jambo la mwisho linahusu mwaka huu hasa. Kwenye uchaguzi wa Bunge hakuna wajumbe 538. Kila nyumba ya Kongresi, kwa mujibu wa Katiba, ni hakimu wa uchaguzi wa wanachama wake, na inaweza kufanya uamuzi kuhusu kiti hata baada ya jimbo kusaini. Mwaka 2020 kiti kimoja cha Iowa kiliamuliwa kwa kura 6; aliyeshindwa, Rita Hart, alipeleka malalamiko kwa Baraza lililokuwa mikononi mwa chama chake, kisha akayaondoa Machi 2021 baada ya hata wabunge wa chama chake kusita. Viti vyote 435 vya Baraza vinagombewa, na iwapo wingi utategemea viti viwili au vitatu vya namna hiyo, wiki za kutazama ni kati ya kuidhinisha kwa majimbo na Januari 3, 2027, Baraza jipya linapokutana.